Ombi la Kuhamisha Saa ya Rahu Ili Mama Apande Gari

Sadaiyappan, mwana wa marehemu Kolandai
Nyuma ya mashine ya kusaga, Namakkal
Jumamosi, 22 Novemba

Kwa Mhariri,
Kalenda ya Tembo Mweupe (ile ya kuchana kila siku)

Ndugu Mhariri, unayezijua saa zangu kuliko mke wangu,

YAH: KUHAMISHA SAA MBAYA ZOTE ZIWEKWE MCHANA, PAMOJA NA KUUGUSA KIDOGO UPANDE WA MASHARIKI

Nimeshika kalamu saa nne u nusu kamili. Saa ya Rahu, ile saa na nusu ya nuksi ya kila siku, imetoka mlangoni sasa hivi, na karatasi yako ya leo inasema kuanzia hapo hadi saa tano u nusu ni saa njema ya kuandika barua, kununua ng'ombe na kuchimba kisima. Ng'ombe sina haja naye. Kisima ninacho. Basi barua.

Kwanza unijue, usije ukadhani analalamika mtu wa kukaa barazani. Mimi ni dereva na mwenye lori la mayai, mwaka wa ishirini na sita huu. Shule niliishia darasa la nane. La tisa nililipita nikiwa ndani ya lori, sikusimama. Lakini mambo ya njia za nchi hii niulize mimi, usimwulize mwalimu. Nimepeleka mayai laki moja na nusu Guwahati, siku saba, mvua mwanzo mpaka mwisho, yakavunjika kumi na saba tu, na matatu kati ya hayo niliyakalia mwenyewe. Nimelala Kashmir kwenye baridi ya kukata masikio nikaota ndoto kwa Kihindi, lugha ambayo nikiwa macho siijui. Kwenye vizuizi vya mipakani askari wa majimbo tisa wananiita mjomba. Sasa mtu kama mimi, Ndugu Mhariri, anashindwaje kumzungusha mama yake siku nne, kwa gari, hapo Kumbakonam, mahali ambapo lori langu likianza safari alfajiri linafika kabla mayai hayajajua kwamba yamehama? Nimeshindwa. Na aliyenishinda ni wewe.

Habari yenyewe ni hii. Mama yangu, Nachayi, ana miaka sitini na saba, na kilango kimoja cha moyo wake kimelegea. Daktari wa Coimbatore amesema kifua kifunguliwe kirekebishwe, na kisingoje sikukuu ya Pongal ya Januari. Mama akamwambia vizuri tu, kwa heshima, kwamba hatalala juu ya meza yake kabla hajazizunguka sayari tisa, kila moja kwenye hekalu lake huko Kumbakonam, tena akiwa na dada yake. Daktari naye ni mtoto wa nyumbani, akamjibu kwamba hao tisa wote wamesimama kwenye kona ya hekalu lolote la mtaani, azunguke pale mara tisa kisha aje.

Mama akasema, "Hao wa mtaani ni picha ya ukoo, daktari. Mimi nawafuata nyumbani kwao."

Hili si wazo la uzee. Miaka hamsini na miwili iliyopita babu yangu alilala na homa, watu wakaanza kuulizana bei ya kuni za kumchomea. Binti zake wawili, Pavayi wa miaka kumi na minane na Nachayi wa kumi na mitano, wakasimama mbele ya sayari tisa wakaahidi: baba akiinuka, tutakuja sisi wawili, kwenu, mmoja mmoja. Babu akainuka. Akaishi miaka ishirini na mitatu zaidi na akagombana na kila mtu kijijini. Lakini mabinti hawakwenda. Kwanza zilikuja harusi, kisha watoto, kisha hapakuwa na gari. Gari likapatikana, lakini wakati huo dada wawili walikuwa hawasemezani. Mama anasema sayari zimengoja kwa adabu kuliko binadamu yeyote anayemjua, na hawezi kwenda kufunguliwa moyo huku tisa wamekaa mlangoni wanamtazama.

Kwa hiyo elewa hivi: safari isipofanyika, upasuaji haufanyiki, na upasuaji usipofanyika, sitaki kuandika sentensi inayofuata.

Nikachukua daftari la Yazhini binti yangu, nikachukua kalenda yako, nikakaa kupanga. Malalamiko yangu ni haya.

1. Saa mbaya umezimwaga ovyo. Mahekalu yetu, unajua, hufunga milango saa sita u nusu mchana miungu ipumzike, na hufungua saa kumi. Hapo pana saa tatu na nusu ambazo mwenye kuhiji hana kazi isipokuwa kutafuta kivuli na kugombana na familia. Ndipo mahali pa kuiweka saa ya Rahu. Lakini wewe Jumatatu umeiweka saa moja u nusu asubuhi, wakati ambao kila dereva mwenye akili anataka awe barabarani. Jumamosi saa tatu. Ijumaa saa nne u nusu, asubuhi bado mbichi. Jumapili umengoja mpaka saa kumi u nusu, milango ndiyo kwanza imefunguliwa, ukaitia hapo kama jiwe kwenye wali. Jumanne na Jumatano umekosea kwa nusu saa tu, nakusamehe. Alhamisi umepanga vizuri, mbaya imo humo humo ndani ya usingizi wa mchana, haimgusi mtu, na nakupongeza. Maana yake kazi unaiweza. Sasa hizo siku nyingine nne ulikuwa na nani?

Na juu ya Rahu umeongeza saa ya Yama, mungu wa kifo, nayo ni saa moja na nusu kila siku. Mimi ninapopakia lori, yai bovu haliwekwi katikati ya mazima. Mabovu yote huenda trei moja, na trei moja mtu anaweza kuibeba.

2. Upande wa mashariki. Kutoka Namakkal kwenda Kumbakonam ni mashariki moja kwa moja, sikuichagua mimi. Kalenda yako inasema Jumatatu na Jumamosi kuna mkuki mashariki, asisafiri mtu upande huo. Na kurudi nyumbani ni magharibi, na magharibi mkuki upo Ijumaa na Jumapili. Kweli umetoa dawa: mwenye lazima ya kwenda mashariki ale mtindi kwanza, na wa magharibi ale sukari guru. Nami nikasema sawa, nitakula. Poongodi, mke wangu, akaniuliza kama kuna upande wowote wa dunia ambao dawa yake ni kupungua tumbo.

3. Hili ndilo zito, na nitaliandika polepole. Ugomvi wa mama na mama mkubwa Pavayi chanzo chake ni kalenda yako.

Miaka kumi na mmoja iliyopita tulikuwa tunamtoga masikio Yazhini. Dada mkubwa wa bibi mzaa baba haitwi kwa simu wala kwa kadi ya posta. Anaendewa nyumbani na sinia lenye tambuu, ndizi, manjano na unga mwekundu, anapakwa kwenye paji la uso, ndipo anapewa kadi mkononi. Nikatumwa mimi. Nilifika kwake Rasipuram Jumamosi, na lori langu limejaa mayai ya Bangalore, jua limeshaanza kuwaka. Nikatazama saa: tatu na dakika mbili. Rahu ameingia. Kumpa mtu mwaliko wa heri ndani ya saa hiyo ni kumtogea mtoto balaa, hata wewe unajua. Kungoja mpaka saa nne u nusu, mayai yangefika Bangalore yana miguu. Nikafanya alichoweza kufanya mtu mwenye akili: sinia na kadi nikamwachia jirani yake, fundi cherehani, nikamwomba aende akampe saa ya Rahu ikitoka.

Fundi alipeleka. Tena alipaka na huo unga mwekundu. Mama mkubwa akauliza yule mwenyewe yuko wapi, akaambiwa amekwenda na mayai. Basi. Hakuja kwenye sherehe. Mama akaona dada yake amemdharau mjukuu; mama mkubwa akaona mdogo wake amemwalika kwa mkono wa mshona suruali. Miaka kumi na mmoja, Ndugu Mhariri. Tukikutana kwenye misiba ya ukoo, mmoja akitokea mbele mwingine anazunguka nyuma. Watoto wa shule wakigombana hivyo mwalimu huwaweka dawati moja. Wazee nani atawaweka?

Mwezi huu nimekwenda tena Rasipuram mara tatu na sinia, kumwalika safarini. Mara ya kwanza alikuwa mtoni. Mara ya pili niliporudisha gari nyuma kutoka uani Poongodi alipiga chafya, chafya moja, ambayo ni nuksi, nikazima gari. Nilipoliwasha tena saa njema ilikuwa imekwisha. Mara ya tatu nilifika saa nzuri kabisa, nguo nyeupe, nywele zimechanwa. Mama mkubwa akasimama mlangoni, akanitazama kutoka kandambili mpaka kichwani, kisha akageuka akatazama ukutani. Kwake pia iko kalenda yako. Tembo wako mweupe ananicheka kila nyumba.

"Leo ni siku ya nane ya mwezi," akasema. "Siku ya nane sipokei mwaliko. Mara ile wewe mtoto wa Nachayi ulikuwa na haraka na mayai yako. Leo mwenye haraka ni mimi. Rudi siku njema."

Habari ya moyo wa mama sikumtajia. Habari ya ugonjwa haitiwi kwenye sinia moja na ndizi na tambuu. Huo ndio mwiko nilioufuata, na niliona nimefanya vema.

4. Tuseme amekubali. Mama anataka kila sayari iendewe siku yake: Jua Jumapili, Mwezi Jumatatu, na kuendelea, Zohali awe wa mwisho Jumamosi, maana ukishaoga kwake unarudi nyumbani moja kwa moja bila kupita kwa mtu. Hizo ni siku saba kwa saba, na bado Rahu na Ketu, wa nane na wa tisa, hawana siku ya kwao, wanaishi kwa wenzao. Halafu Rahu mwenyewe, huyu ambaye wiki nzima namkwepa, kwenye hekalu lake lazima umfikie ndani ya saa yake, ndipo maziwa yanapomwagwa juu yake yakageuka samawati. Yaani mahekalu manane nakimbia saa hii, hekalu la tisa naikimbilia. Nimewahi kukimbizwa na ndovu kule Wayanad, na ndovu angalau alikuwa upande mmoja.

Mama nimemwomba siku nne badala ya saba. Amekubali baada ya kunifanya nilie.

5. Hesabu. Tafadhali shika kalamu uhesabu nami, usiseme nimetia chumvi. Kuanzia tarehe kumi na nane Novemba nilipoanza kupanga mpaka unapoingia mwezi wa Margazhi, ambao umeandika kwamba lisianzwe jambo jipya mwezi mzima, ni siku ishirini na nane. Toa Jumatatu na Jumamosi kwa ajili ya mkuki wa mashariki, maana mama amekataa mambo ya kumdanganya Mungu kwa mtindi: zinabaki ishirini. Toa siku za nane na za tisa za mwezi, mara mbili, mwezi ukikua na ukipungua: kumi na sita. Garini tutakuwa watu wanne, mimi, mama, mama mkubwa na Poongodi, na kila mmoja ana siku zake mbili ambazo mwezi umekaa vibaya na nyota yake. Hizo nane hazikuangukia hata moja juu ya mwenzake, kana kwamba zimepangiwa zamu: zinabaki nane. Toa siku mbili nyeusi, zile ulizoziandika za nuksi: sita. Toa siku zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo: nne. Mama mkubwa hasafiri Jumanne, tangu alipoibiwa kuku: tatu. Hapo hapo mke wa binamu yangu akajifungua mapacha, ukoo wetu wote ukakatazwa kukanyaga hekalu mpaka siku za uzazi zilipokwisha juzi, na mbili kati ya hizo tatu zikaliwa. Sina kinyongo na watoto, wazuri sana, lakini wangeweza kungoja.

Ikabaki siku moja ya kuondoka.

Siku hiyo ilikuwa jana. Hesabu ilinichukua siku nne, nilipopiga mstari wa mwisho chini yake na kuinua kichwa, jua la siku hiyo lilikuwa linazama.

6. Heshima yangu. Kibanda cha chai cha madereva kimeshapata habari. Mmoja ambaye hajawahi kuvuka Salem aliniuliza jana kama ningependa anielekeze njia.

Baada ya malalamiko, maombi. Naomba yafuatayo, na nadhani utaona hayazidi kiasi:

Kwanza, saa ya Rahu na saa ya Yama, siku zote saba, zihamishiwe kati ya saa sita u nusu na saa tisa u nusu mchana, zifuatane, miungu ikiwa imelala na watu wamelala. Rahu hatapoteza hata dakika moja. Ni kuhama chumba, si kufukuzwa nyumba.

Pili, kama hilo lina ugumu wa mitambo ya kuchapia, basi mkuki wa mashariki uondolewe Jumatatu, au mashariki yenyewe isogezwe kidogo upande wa kusini-mashariki kwa mwezi mmoja tu, kwa magari ya wagonjwa.

Tatu, na hili ndilo nimelifikiria zaidi. Lori langu lina kibali cha India nzima. Nikifika mpaka wowote nakionyesha, naambiwa pita mjomba. Naomba ofisi yako impe mama yangu kibali cha saa zote. Karatasi moja, picha yake pembeni, mhuri wa tembo. Tukikutana na saa mbaya njiani, nateremsha kioo, naionyesha, tunapita. Picha yake nimeambatanisha. Ni ya zamani kidogo, lakini mdomo ni ule ule.

Nne, kama unaweza yote hayo, basi nadhani unaweza pia kurudi nyuma miaka kumi na mmoja ukaifuta ile Jumamosi, kuanzia saa tatu mpaka saa nne u nusu. Sihitaji mchana wote. Hiyo tu.

Usipoweza hata moja, sitakushtaki, maana sijui saa njema ya kwenda mahakamani. Lakini mwaka kesho ukutani kwangu nitatundika kalenda ya kiwanda cha chakula cha kuku, ambayo haina lolote ila tarehe na picha ya kuku.

Nafunga hapa, siyo kwa kuwa maneno yameisha bali Poongodi anasema wino ni wa shule. Wasalimie wachapaji wako, na yule anayetoboa tundu la msumari, na mzee anayekaa na vitabu vya nyota akikupangia. Mwambie macho yake yapumzike mchana, kama miungu. Msalimie mkeo, na mama yako kama yu hai. Kama yu hai, mwulize yeye kuhusu barua hii kabla hujaitupa.

Ni mimi, msomaji wako na mchanaji wako wa kila asubuhi,
Sadaiyappan wa mayai

Nyongeza, Jumatano tarehe 26, mchana.

Barua hii haikwenda Jumamosi. Nilipoitia gundi saa ya Yama ilikuwa imeingia, sikutaka kuiposti ndani yake, na ilipotoka posta walikuwa wamefunga. Jumapili ni Jumapili. Nayo Jumatatu imetokea kama ninavyokueleza, kwa hiyo yasome haya kwanza ikiwa bado hujayasoma yale.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Rahu yumo ndani kabisa, bajaji ilisimama langoni kwetu, akateremka mama mkubwa Pavayi na begi moja na chungu cha shaba. Sikumwalika. Hakuna aliyemwalika. Mama alikuwa barazani anachagua mawe kwenye dengu. Hakusimama, kwa sababu ya moyo. Mama mkubwa akaja akasimama mbele yake, wakatazamana muda ambao mimi nilihesabu mawe manne.

"Nachayi, umekonda," mama mkubwa akasema.

"Wewe umenenepa," mama akajibu.

"Nilikuwa nakula na sehemu yako."

Kisha akaketi, akavuta ungo katikati, wakachagua dengu wote wawili. Ndiyo hivyo tu, Ndugu Mhariri. Miaka kumi na mmoja, nami nilikuwa nimetayarisha hotuba.

Nilimvuta Poongodi jikoni, kwa maana nilimwona hashangai. Akakiri kwamba Jumapili jioni alimpigia simu mama mkubwa akamwambia habari ya moyo, yote, na neno la daktari. Nikamwuliza alimwambia saa ngapi. Hakutazama saa. Akanitazama mimi.

"Baba Yazhini," akasema, "umempelekea mwaliko mara tatu. Habari hukumpelekea hata mara moja."

Nikaiacha hotuba yangu jikoni.

Nilipotoka nje mama mkubwa alikuwa ameshafungua chungu. Mtindi. Mama yangu, aliyesema Mungu hadanganywi kwa mtindi, alipanua mdomo akalishwa na dada yake kijiko kimoja, akameza, mkuki wa mashariki ukaisha hapo. Nikasema sawa, tule, tungoje mpaka saa tatu Rahu atoke. Nikasema na ile siku moja imeshapita. Nikasema na daftari lipo, waangalie wenyewe. Mama mkubwa hakuliangalia daftari. Alikwenda akaketi kiti cha nyuma, upande wa dirisha, begi mapajani.

"Saa ya Rahu inazuia kuanza jambo," akasema. "Safari hii tuliianza mimi na mdogo wangu, baba akiwa kitandani. Wewe hukuwapo duniani. Washa gari."

Nikawasha. Saa mbili na dakika tano, Jumatatu, mashariki. Umeandika wewe mwenyewe kwa herufi nyekundu kwamba saa hii inazuia kuanza jambo, si kuliendeleza. Nimeisoma miaka yote hiyo kila asubuhi, ila sikuwahi kuisoma.

Sasa hivi milango imefungwa, tumekaa kivulini kwenye ukumbi wa nje wa hekalu la Zuhura. Sita tumemaliza, bado watatu, na Zohali kesho jioni. Hao wawili wamelala kwenye sakafu ya mawe, vichwa kwenye begi moja. Kabla ya kulala waligombana saa nzima kuhusu nani kati yao aliyelia zaidi wakati wa homa ya babu, na mama alicheka mpaka nikaogopa kile kilango. Milango ingekuwa wazi tungekuwa tunakimbizana na foleni. Kwa hiyo usiniombee milango ifunguliwe mchana, sikuliandika hilo lakini nilikuwa karibu.

Daktari alipiga simu jana. Orodha yake imejaa mpaka mwezi wa Machi, isipokuwa nafasi moja tu, Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe tano Desemba, saa nne u nusu asubuhi. Nafasi hiyo, alisema, huwa wazi kila wiki, hakuna mgonjwa anayeitaka. Nikatazama kalenda ingawa siku hizi naijua kwa moyo: Ijumaa saa nne u nusu, Rahu anaingia. Kama ungekuwa umekubali ombi langu la kwanza, Ndugu Mhariri, saa hiyo ingekuwa njema, na ikiwa njema ingekuwa ya mtu mwingine, na mama angengoja hadi Machi, na Machi daktari hakuitaja kwa sauti nzuri. Kwa hiyo nayaondoa maombi yote manne. Acha kila saa mahali ilipo. Usiguse hata dakika.

Nilidhani mama atakataa. Alimgeukia dada yake. Mama mkubwa akasema ugonjwa ulianza zamani, daktari hataanza kitu, atamalizia. Mama akasema basi mwambie ndiyo.

Nimemwambia ndiyo. Wao wamelala, mimi silali. Najua walivyosema, na najua ni kweli, na nilikuwapo. Hata hivyo, kama hapo ofisini ilibaki saa njema yoyote ambayo hamkuichapa mahali, iliyozidi pembeni wakati wa kukata karatasi, hata nusu saa, niwekee Ijumaa hiyo. Sitamwambia mtu.